Bi Pindo na Matundu Mawili

Jumapili, tarehe 9 Agosti. Mawingu mepesi tangu alfajiri, mvua hakuna, upepo wa kutosha kukausha nguo.

Fundi cherehani wa nyumba ya kona, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Pindo, siku hiyo hakugusa uzi. Alishinda uani amepiga magoti kando ya gari la mumewe, akishindana na kipande cha chuma.

Jina hilo alipewa na wateja. Ukimpelekea sare ya mtoto atakurudishia yenye pindo la vidole vinne, na kwenye mishono ya ubavuni ameacha kitambaa cha ziada. "Nguo zako zinasafiri na mizigo," humtania. Yeye hujibu kwamba mtoto hukua, na iko siku fundi mwingine, mahali pengine, atafumua mshono ule akitafuta pa kupanulia. Hataki fundi huyo akute ukuta.

Gari lilikuwa limelala uani misimu miwili ya mvua, tangu mumewe, dereva wa miaka mingi, apatwe na kiharusi. Miguu ilimrudia, maneno yakamrudia, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito, haushiki hata kikombe. Na Jumatatu gari lilitakiwa liende. Mama mkwe alikuwa na miadi hospitali ya kutolewa mtoto wa jicho. Mara mbili alishakataa katakata. Safari hii alikubali kwa sharti moja: apelekwe na gari la mwanawe, akalie kiti alichokizoea, chenye kitambaa alichokishona mkwewe. "Kama nakwenda kuchokonolewa jicho," alisema, "angalau makalio yajue yako wapi." Nyumba nzima ilijua kwamba akighairi tena, hatakubali tena.

Fundi wa magari wa mtaani alikuwa amefufua injini, akaleta diski mpya za breki za mbele pamoja na pedi zake, kisha akaitwa msibani kwao kabla hajazifunga. Diski za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zina mabonde. Na kutoka nyumba ya kona hadi barabara kuu ni mteremko mtupu.

"Nitafungua mimi," alisema Bi Pindo. "Wewe utakuwa mdomo, mimi mkono."

"Mdomo upo," mumewe akajibu, akivuta kiti. "Mkono tutauona."

Mkono ulionekana. Alipiga jeki, akaweka stendi, akang'oa gurudumu la kushoto. Akafungua kibanio kinachoshika pedi na kukifunga juu kwa waya, kama alivyoelekezwa, kisije kikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta. Akatoa kiskrubu kinachoshikilia diski.

"Sasa ivute," mumewe alisema. "Inatoka kama mfuniko wa sufuria."

Mfuniko haukutoka. Alivuta, akasukuma, akagonga kwa nyundo juu ya kipande cha mbao. Akamwagia mafuta, wakasubiri, akagonga tena. Kutu ilikuwa imeing'ang'ania diski kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

"Piga pembeni, siyo hapo."

"Nimepiga pembeni zote. Nikipiga pembeni zaidi nitakupiga wewe."

Mumewe akainuka, akaichukua nyundo kwa mkono wa kushoto. Pigo lake likateleza, likaangukia mchanga. Alirudi kitini. Bi Pindo naye alijifanya anatafuta kitambaa.

Mama mkwe akatokea dirishani. "Jamani, hicho chuma kimewakosea nini?"

"Kimegoma kutoka, Mama."

"Basi msikiue. Kama safari haipo niambieni tu, nirudishe gauni sandukuni."

Alilisema kwa upole. Lakini ndani ya sauti yake mlikuwa na nafuu, nafuu ya mtu aliyesikia adui yake kaugua, na nafuu hiyo ndiyo iliyomtisha Bi Pindo kuliko kutu.

Akachukua kitambaa, akaanza kuifuta ile diski. Hakuwa na sababu. Ni mazoea tu, cherehani ikimkatalia huanza kwa kuifuta. Kutu na mafuta vilipotoka, akaona matundu mawili madogo, yanatazamana, yameziba.

"Haya ya nini?"

"Ya hewa. Yanapoza breki."

Akaingiza sindano ya kushonea magunia. Ikagota. "Hewa gani inapita hapa? Nyuma kuna chuma kizima."

Bi Pindo alichokoa kutu, akatia tone la mafuta, akachokoa tena, kisha akainama hadi pua ikakaribia chuma. Ndani ya tundu mlikuwa na meno ya skrubu, yamekatwa kwa ustadi, yakizunguka hadi mwisho.

Alikaa juu ya visigino vyake.

"Bolti ikiingia hapa," alisema polepole, "itaenda mpaka ikute kile chuma cha nyuma. Chuma cha nyuma hakiendi popote. Sasa kitakachosogea ni nini?"

Mumewe akaitazama diski kama mtu anayeitazama picha ya nduguye asiyemjua. "Miaka yote hiyo nimeyaona," alisema. "Nilidhani ni urembo."

Bolti za magurudumu zilikuwa nene mno. Bi Pindo akaingia chumba cha kushonea, akaitazama cherehani yake ya umeme, akapiga moyo konde na kufungua bolti mbili za miguu ya meza yake. Meza ikaegemea ukuta kama mlevi. Bolti zikaingia kwenye matundu kana kwamba zimezaliwa humo.

Alikaza robo huku, robo kule, kwa spana namba kumi na tatu. Spana ikawa nzito, ikazidi kuwa nzito. Kisha ukasikika mlio mfupi, kama sanduku la bati linapofunguliwa, na diski ikamwangukia mikononi. Unga mwekundu wa kutu ukamwagika mapajani.

Bi Pindo aliipakata diski akiyatazama yale matundu. Mahali fulani, kiwandani, chuma hiki kikiwa bado kipya na kinameta, mtu alikaa akaifikiria kutu ambayo haikuwapo. Akamfikiria na mtu atakayepiga magoti mbele yake siku moja, amekwama. Hakumjua ni nani. Akamtobolea njia hata hivyo, wala hakuandika popote kwamba ameiacha.

"Katuachia pindo," alisema kwa sauti ndogo.

Mumewe alinyoosha mkono wa kushoto, akayapitishia kidole matundu yale, moja baada ya jingine, kama kipofu anayesoma uso.

Upande wa pili haukuchukua muda. Kabla ya kufunga diski mpya alisugua kutu kwenye kile chuma cha nyuma hadi kikang'aa, akapaka grisi nyembamba, na kwa ncha ya sindano akatia grisi kidogo ndani ya kila tundu la diski hizo.

"Sisi tutakuwa wazee diski hizi zikishika kutu," mumewe alisema, akikanyaga pedeli ya breki hadi ikawa ngumu.

"Atakuja mwingine."

Jioni Bi Pindo, aliyefundishwa kuendesha na mumewe zamani, aliijaribu breki kwenye tambarare mbele ya nyumba, na gauni halikurudi sandukuni.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya chai, Bi Pindo alizirudisha bolti kwenye miguu ya meza. Kisha akamfunga mama mkwe mkanda, mumewe akakaa nyuma, yeye akashika usukani, wakaanza kuteremka. Katikati ya mteremko akakanyaga breki. Gari likasimama, kimya, bila kutetemeka.

"Tumefika?" mama mkwe aliuliza.

"Bado, Mama. Naijaribu breki."

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Basi iachie twende," alisema mama mkwe, akikipapasa kitambaa cha kiti, "kabla sijaghairi."