Mtonga Aliyejifunza Kuomba

Ndege ndogo iliugusa uwanja wa matumbawe yaliyosagwa, ikarukaruka kama kuku aliyetupwa kutoka juu ya ukuta, kisha ikatulia. Siosifa Lolohea alitoka amejikunja, maana mlango ule haukutengenezwa kwa ajili ya kijana wa Vava'u, huko visiwa vya Tonga, aliyekuzwa kwa viazi vikuu na raga. Aliponyooka, watoto waliokuwa kando ya uwanja walinyamaza kwa mpigo mmoja. Alivaa shati jeupe, tai, na beji nyeusi kifuani iliyomtaja kuwa Mzee Lolohea. Miaka ishirini na moja alikuwa hajaitimiza.

Wamormoni ndivyo wanavyowaita vijana wao wanaowatuma kuhubiri ugenini: Wazee. Wengine hata ndevu hazijaota. Siosifa alikwisha kulizoea jina hilo huko Tarawa, alikohubiri mwaka mzima na kuijua lugha ya Kiribati kiasi cha kutania. Lililokuwa likimsumbua njia nzima ni jingine. Kabla hajapanda ndege, rais wa misheni, mtu mzima wa New Zealand mwenye sauti ya upole, alimwambia kuwa safari hii kisiwani Nonouti haendi kama mhubiri tu. Anakwenda kuwa rais wa tawi, kama wanavyoliita kanisa la kijiji. Yeye ndiye atakayekaa mbele siku ya Jumapili, awape majukumu watu wenye wajukuu, awazike na kuwapatanisha. Siosifa alijibu ndiyo kabla hajafikiri. Kufikiri kulianza angani.

Waliompokea walikuwa wawili. Mmoja ni Mzee Tabuaka, mhubiri mwenzake, kijana mwembamba wa Tarawa aliyetangulia kufika. Wa pili ni kiongozi wa kina mama wa tawi, Nei Bwereia. Nei ni heshima ya kila mama kule, kama Ten ilivyo ya kila baba. Alimpima mgeni kwa macho kuanzia viatu.

"Safari hii wametuletea wa kutosha," alimwambia Tabuaka. "Yule wa mwisho upepo ulikuwa unamsogeza."

Begi lilikuwa bado halijapakiwa kwenye mkokoteni wa pikipiki alipotokea Ten Itaaka, bwana mmoja mwenye kofia pana iliyosukwa kwa majani ya mkadi, ambaye kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe uwanjani kila ndege inapokaribia. Alimsalimu Siosifa kwa mikono miwili, akamwangalia kwenye kifundo cha mkono.

"Mwanangu, nakuomba saa yako."

Siosifa alicheka akidhani ni mzaha. Hakuna mwingine aliyecheka. Tabuaka alitazama chini. Ombi la namna ile lina jina lake, bubuti, na anayeombwa hakatai. Akikataa, aibu itamfuata mpaka kwa wajukuu. Siosifa aliivua saa akaitoa, na aliitoa kwa furaha. Kwao Vava'u mkono wazi ndio unaomtambulisha mtoto wa nyumba yenye heshima. Alipanda mkokoteni akiona ameanza vizuri.

Jumapili ilimwonyesha hali ilivyo. Tawi lilikuwa likisali chini ya paa pana la makuti lisilo na kuta, watu wamekaa juu ya mikeka, kila ukoo mahali pake. Upande wa baharini mikeka ilitandikwa kama kawaida, lakini hapakuwa na mtu. Hata watoto waliokosa nafasi walibanana upande wa pili wakapaacha patupu. Mkate wa sakramenti ulipobarikiwa, kijana aliyeugawa alimletea Siosifa kwanza, kwa maana ndivyo ulivyo utaratibu: anayesimamia ndiye hutangulia kula. Siosifa alitafuna kipande kile huku mabibi wakimwangalia, na kilikuwa na ladha ya mchanga.

Baada ya ibada Nei Bwereia alimweleza. Upande ule ulikuwa wa ukoo wa Ten Kourabi, aliyekuwa kiongozi wa kwaya tangu tawi lilipoanza. Mwaka uliopita alisimama kuhutubia, akanoga, akapita muda. Rais wa tawi wa wakati ule, mhubiri kijana kutoka mbali sana, alimwonyesha saa ya mkononi, akaigonga kioo kwa kidole. Mbele ya watu. Kourabi alikaa chini bila kumalizia sentensi. Jumapili iliyofuata hakuja, na ukoo wake wote ukabaki naye nyumbani.

"Na kwaya?" Siosifa aliuliza.

"Umeisikia leo," alisema Nei Bwereia. "Hiyo unaiita kwaya?"

Rais wa misheni naye alikwisha kusema lake. Atakuja mwenyewe baada ya majuma machache, na akikuta nusu ya mikeka mitupu kama alivyoiacha mara ya mwisho, tawi litafungwa. Watu watakwenda kusali kijiji cha pili, ng'ambo ya mlango wa bahari, unaovukika kwa miguu maji yakitoka tu. Mama mzazi wa Nei Bwereia, ambaye magoti yalikwisha kumkataa, hangefika kule kamwe. Wala wengi wengine. Siosifa alijua kwamba yeye ndiye angesimama mbele yao kuwatangazia.

Alikwenda kwa Kourabi na kopo la nyama ya ng'ombe. Mzee huyo, mkavu, mwenye mabega ya mtu anayekwea minazi kila siku, alilipokea, akamtandikia mkeka, akampa tembo tamu lililogemwa asubuhi, halijachacha, wakazungumza habari za samaki wa mwatiko na za mvua. Jumapili hakuja. Siosifa akarudi na mchele. Akarudi na mshipi wa kuvulia. Kila mara alipokelewa vizuri kuliko mara iliyopita, na kila Jumapili mikeka ya upande wa baharini ilibaki mitupu.

Kijijini nako habari za Mtonga mwenye mkono mwepesi zilienea. Mmoja alimwomba mwavuli, mwingine wembe, mwingine viatu vyake vizuri, ingawa havikumtosha binadamu yeyote wa kisiwa kile na viliishia kupandwa miche ya mipapai. Jirani wa Nei Bwereia, nyumba ya tatu toka kwake, alimwomba pampu ya baiskeli. Siosifa alitoa vyote, akatabasamu, akahubiri amevaa kandambili.

"Mzee mwenzangu," Tabuaka alimwambia, "wakimaliza vitu wataanza meno."

"Acha waombe. Mtu hafi kwa kutoa."

"Hafi. Lakini anachekesha."

Basi siku moja gurudumu la nyuma la baiskeli yake liliisha upepo mbele ya nyumba ya tatu kabisa. Siosifa alishuka, akaanza kuisukuma njia yote kwenda nyumbani kwao, jua la mchana likimchoma kisogo, Tabuaka akimfuata nyuma. Nei Bwereia, aliyekuwa akichambua majani ya mkadi ya kusukia barazani, aliwaita.

"Pampu yako iko pale. Naiona kutoka hapa, imening'inia. Kwa nini unasukuma chuma?"

"Nilimpa, mama. Kitu nilichokitoa siwezi kukifuata."

"Nani kasema ukifuate? Muombe."

Siosifa alisema kwamba kwao ukishatoa umetoa, na mtu mzima haendi kunyoosha mkono mlangoni kwa mwenzake. Nei Bwereia aliweka majani chini. Alimwuliza tangu afike ameomba nini, na kwa nani. Siosifa alifikiri. Hakuwa ameomba chochote, hata chumvi. Na alipokuwa akilijibu hilo, sauti yake ilikuwa na fahari kidogo.

"Ndiyo maana," alisema mama yule. "Unajua wanasema nini? Wanasema Mtonga amekuja kutufuga. Anarusha punje, sisi tunadonoa. Mtu akikuomba amekufanya ndugu, mwanangu. Sasa anangoja umwombe na wewe, na wewe hutaki. Unamwambia nini mtu huyo? Unamwambia hana kitu unachokitaka."

Tabuaka aliangalia minazi. Siosifa alimgeukia, akamwuliza kama alilijua jambo hili.

"Nililijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniomba," alisema Tabuaka.

Siosifa aliilaza baiskeli mchangani, akaenda nyumba ya tatu, akaomba pampu. Jirani alifurahi kama aliyeletewa mahari. Akampa pampu, akampa na shelisheli la kuchoma, akamshikia gurudumu mwenyewe wakati anajaza. Njia nzima ya kurudi Siosifa alikuwa akiwaza habari za Kourabi. Nyama, mchele, mshipi. Mzee ambaye hakuna aliyewahi kumwomba kitu tena tangu siku alipogongewa saa, na yeye kila juma alimpelekea kopo jingine la kumkumbusha kwamba hahitajiki.

Wagema wa kule huimba wakiwa juu ya minazi. Jioni ile sauti ya Kourabi ilisikika toka njiani, nzito, ikishuka na kupanda, na haikuwa ikiimba wimbo wa wagema bali wimbo wa kanisani, ule wa ubatizo. Siosifa na Tabuaka walikaa chini mchangani wakangoja. Kourabi alishuka na chupa yake, akawaona, akaitazama mikono ya Siosifa.

"Leo hukuleta kopo."

"Leo nimekuja kuomba, baba."

Mzee alisimama. Kisha aliketi, taratibu, akaiweka chupa pembeni na kuyapangusa mapaja yake vumbi, kama mtu anayejiandaa kusikiliza jambo rasmi. Siosifa alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa yote yalimkimbia, akasema yaliyobaki.

"Nakuomba sauti yako. Rais anakuja. Nakuomba uifundishe kwaya, na siku hiyo uhutubie wewe, uwe wa mwisho, umalizie ile sentensi."

"Ile ilikuwa ndefu."

"Mimi sina saa. Nilimpa Ten Itaaka."

Kourabi alimwangalia, kisha akacheka, kicheko kikavu kilichoanzia puani kikaishia mabegani. Aliuliza ni nani kamfundisha kuomba, maana Watonga hawajui. Siosifa alimtaja Nei Bwereia. Mzee alitikisa kichwa kama aliyetarajia hivyo.

"Umeomba kitu kikubwa," alisema. "Siwezi kukunyima. Lakini na mimi nakuomba. Rais akiwapo, ndiye anayesimamia. Wewe huna kazi mbele. Uje nyuma kwangu uimbe besi. Kifua chote hicho kikae bure?"

Mazoezi yalianza siku iliyofuata, na Kourabi hakuwa na huruma. Aliwasimamisha wenye sauti za juu peke yao mpaka wakaona haya, akamwambia Siosifa kwamba anaimba kama ng'ombe aliyekosea zizi, akamrudisha mwanzo mara zisizo na idadi. Siosifa alirudi mwanzo. Ukoo wa Kourabi ulikuja kusikiliza, kwanza nje ya paa, halafu ukingoni, halafu wajukuu wakaingia kwa kisingizio cha kumletea babu maji.

Jumapili ya ugeni, rais wa misheni na mkewe walikaa mbele, wakaangalia watu wakiingia. Upande wa baharini ulijaa mpaka mikeka ikaongezwa. Mama yake Nei Bwereia alibebwa na wajukuu akawekwa mbele kabisa, kama malkia. Mkate ulikwenda kwa rais kwanza, na Siosifa, akiwa nyuma katikati ya wenye besi, aliupata zamu yake kama mtu yeyote. Ulikuwa mtamu.

Kisha waliimba. Nilikuwapo siku ile, na nimesikia kwaya za makanisa makubwa ya miji mikubwa, zenye vinanda vya shaba. Sijaona paa likitetemeka kama yale makuti. Mke wa rais alitoa leso. Kourabi alimaliza kuongoza, akageuka bila kuketi, akaanza kuhutubia kutoka pale alipokatwa mwaka uliopita, katikati ya sentensi ile ile. Alizungumza mpaka kivuli cha nguzo kikahama mkeka. Alizungumza mpaka bahari ikatoka na kuanza kurudi. Ten Itaaka aliivua ile saa mkononi, akaikalia. Hakuna aliyekohoa. Na alipofika mwisho, mwisho ulikuwa mfupi: alisema alikaa nyumbani kwa sababu alidhani tawi halina haja naye, mpaka mtoto wa watu alipokuja mikono mitupu.

Rais wa misheni alisimama. Alisema tawi halitafungwa, na watu wakapumua kama mtu mmoja. Kisha akasema kwamba amemuita Ten Kourabi tangu jana na kuzungumza naye, na sasa analileta jina lake mbele yao kuwa rais wa tawi. Wanaokubali wainue mkono wa kuume. Mikono iliinuka pande zote mbili za paa, ya mabibi na ya watoto, na mkono uliokuwa juu kuliko yote ulikuwa wa Siosifa. Hakuwa rais tena. Tabuaka, aliyekaa karibu naye, alimnong'oneza kwamba huu ndio uongozi wa kwanza anaouona mtu akishangilia kunyang'anywa. Siosifa alikuwa akicheka na machozi yakimshuka, na mkono hakuushusha.

Alipohamishwa kwenda kisiwa kingine, tawi zima lilikwenda uwanjani, Kourabi mbele, kwaya nyuma. Kandambili alikuwa nazo zile zile. Ten Itaaka alikwisha kufukuza nguruwe, akaja amenyoosha mkono wenye saa, akimwonyesha kifundo, akingoja aombwe. Siosifa aliiangalia saa, akaiacha.

"Baba," alisema, "nakuomba kofia yako."

Itaaka aliivua kofia ya mkadi akaiweka mwenyewe juu ya kile kichwa kikubwa. Haikuingia vizuri. Siosifa aliishikilia kwa mkono mmoja, akajikunja mlangoni, akaingia, na ndege ikakimbia juu ya matumbawe mpaka ikayaacha.

Sisi tuliobaki tulisimama mpaka mlio ukaisha. Kourabi alikuwa ameshaanza kuwagombeza wenye besi kwamba mazoezi ni jioni na pengo lile haliwezi kuzibwa kwa kuchelewa. Itaaka alitembea ameweka kiganja juu ya upara, jua likimchoma, kifua mbele kama aliyetoka kuoa.

"Utaungua wewe," alisema Nei Bwereia nyuma yake. "Hujui kuomba?"

"Nakuomba kofia, Nei Bwereia."

Mama yule alikuwa ameshainama kando ya njia, akichagua majani ya mkadi.