Jumamosi Niliyofungiwa Ukumbini

Harufu ya polishi nyekundu ya sakafu, ile ya mkebe, ikinipata popote, hata kwenye ngazi za ofisi ninakofanya kazi kule Kilimani, nasimama papo hapo. Wenzangu husema inanukia usafi. Mimi narudi moja kwa moja kwenye ukumbi wa kanisa letu kule Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na mlango umefungwa.

Ngoja niwaeleze. Jumamosi moja kila mwezi, wanafunzi wa chuo kimoja cha katikati ya jiji walikuja kwetu kufanya huduma kwa jamii. Chuo kiliwadai saa kadhaa za kujitolea, kwa hiyo kila mmoja alikuja na fomu yake, akapewa mtoto wa kumshauri na kumfundisha. Tuliwaita mamenta. Wangu alikuwa Mwende, msichana wa Kitui mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Alinisuka nywele huku akinifundisha hesabu, na nawaambia kweli, hesabu hazikuwahi kuniingia ila kwa njia hiyo ya utosini.

Lakini wageni ni wageni. Mwalimu Beatrice, aliyesimamia mpango huo, hakutaka wakute watoto wenye vumbi. Kufika saa mbili asubuhi tulikuwa ndani, tumepakwa mafuta hadi tukang'aa, naye akafunga mlango na kutia ufunguo kwenye sidiria. Wageni walikuwa wamesema saa tatu. Mgeni wa Nairobi akikuambia saa tatu, kunywa chai kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi wenyeji tulikuwa tunaugua njaa mabenchini.

Siku hiyo sikuisikia hata hiyo njaa. Mama alikuwa anasafiri kwenda Saudi kufanya kazi za nyumbani kwa miaka miwili. Hapo awali alikuwa akifua nguo za watu Lavington hadi vidole vikachunika, na baba hatukuwa naye. Mimi ningebaki na shangazi. Gari la ajenti aliyempatia kazi hiyo lingemchukua saa sita. Na jana yake tu, Mwalimu alikuwa amenichagua kukariri shairi la kuwakaribisha wageni. Mimi, ambaye nikisimama mbele ya watu nakwama kwenye neno la kwanza! Nilimwambia Mama sitaki kwenda.

"Enda usome shairi, Nekesa," alisema, akikunja nguo bila kuniangalia. "Ukimaliza utanipata."

Basi nikakaa nikitazama saa ya ukutani. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Niliomba ruhusa ya choo mara mbili, na mara zote mbili Mwalimu alinipeleka amenishika mkono na kunirudisha vilevile. Madirisha yalikuwa na vyuma. Nilijaribu kupenyeza kichwa kikakwama, wenzangu wakacheka hadi wakakaa chini. Niliogopa sana. Nilitaka kupiga kelele, ila kwetu mtoto hapigi kelele kanisani.

Mamenta walifika saa tano na robo, wakiomba radhi kwa ajili ya msongamano wa magari. Shairi nililikariri kwa mbio, sidhani kuna aliyeambulia kitu. Kisha Mwende akaketi kando yangu na fomu yake.

"Niaje, Neki. Ndoto yako ni gani?"

"Kutoka hapa."

Akacheka, halafu akaniangalia vizuri. "Kwani kuna nini?"

"Mathe anaenda Saudi leo. Saa sita gari inakuja."

"Leo? Na umekaa tu hapa?"

Menta hakuruhusiwa kumtoa mtoto nje ya lango. Sharti hilo liliandikwa kwenye fomu ileile. Mwende aliikunja, akaitia mfukoni, akamwambia Mwalimu kwamba ananipeleka choo. Dakika chache baadaye tulikuwa juu ya boda boda, mimi katikati, tukirushwa na mashimo ya barabara.

Tulimkuta. Gari lilikuwa linanguruma, na Mama amesimama na sanduku lake, majirani wamemzunguka. Nilidhani angenikumbatia. Aliponiona, uso ulimbadilika.

"Nani amekuambia umlete?" alimfokea Mwende. "Nani?"

Kisha akarudi ndani, akajifungia. Niliupiga ule mlango wa mabati kwa ngumi zote mbili nikimwita. Dereva akapiga honi, akilalamika kwamba kuna wengine wanaomngoja. Mwende alikuwa analia waziwazi, menta mzima. Mwishowe Mama akatoka, uso ameuosha, akanipita bila kunitazama, akaingia garini.

Mwende hakuruhusiwa kurudi Mutuini. Nami nilibaki na kinyongo miaka mingi. Mama akipiga simu, nilijibu ndiyo na hapana. Niliamini hakutaka kuniona, na mtoto akishaamini jambo kama hilo hana pa kulikimbilia. Analala nalo, anaamka nalo.

Mama alirudi baada ya mikataba minne ya miaka miwili miwili, mimi nikiwa tayari chuoni. Siku moja tukichambua sukuma wiki, nikamwambia kwamba nami nimepangiwa saa zangu za kujitolea. Akaniuliza:

"Yule msichana alikuleta na boda, aliitwa nani?"

"Mwende."

"Nilimkosea," akasema.

Ndipo akanieleza. Ni yeye aliyemwendea Mwalimu Beatrice ile Ijumaa, akamsihi anipe shairi na asiniachilie mpaka saa saba. Alijua akiniona hataenda.

"Na nilikuwa siendi tena," akasema. "Niliingia ndani nikavua sweta, nikakaa kwa kitanda. Nikasema basi, nitarudi kufua."

"Sasa mbona ulitoka?"

"Huo mlango ulikuwa na nafasi hapo chini. Ukigonga, nilikuwa naona viatu vyako. Vidole vyote vimetokea nje."

Niliinamia sukuma zangu, nikashindwa kumtazama. Miaka yote hiyo niliamini kwamba nilikuwa nikigonga ili asiende, kumbe kila nilipogonga nilikuwa nikimwonyesha kwa nini aende.