Mlimau Uliofagiliwa

Nyuzi nyeupe za kuvu zilichukua miezi minne kutanda chini ya mlimau wangu hapa Lodwar, na asubuhi moja tu kutoweka. Mama mwenye nyumba alizifagia pamoja na majani makavu yaliyozifunika, akachoma rundo lote, kisha akanisubiri mlangoni nimshukuru.

"Ejok, mwalimu!" alinisalimu kwa Kiturkana. "Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Nilisema umechoka na safari, wacha nikusaidie. Hata moshi imefukuza mbu."

Mistari ya ufagio ilikuwa imenyooka kuliko ile ya daftari za wanafunzi wangu.

Kusema kweli mlimau ni wake, mimi ni mpangaji ninayeutunza. Alipanda mitatu, miwili ikakauka, na huu wa tatu akaniachia kwa sharti moja: ukifa, hapo anajenga chumba cha kupangisha. Chumba hicho kitaziba dirisha langu la pekee linaloingiza upepo. Anayelijua joto la Lodwar saa nane mchana ataelewa kwa nini nilianza ghafla kupenda habari za udongo.

Nilifunzwa kuutunza mti huko Kakuma, ninakokwenda kusomesha kila wiki. Katika kambi ya wakimbizi ya huko kuna mama kutoka Sudan Kusini anayeuza chai chini ya mwarobaini aliouotesha mwenyewe. Ameuzungushia matandazo ya mabua ya mtama na majani makavu, na juu yake ameweka matawi ya mathenge yenye miiba, mbuzi wasile. Karibu na shina ameacha nafasi ya kiganja ili lisioze. Siku moja alifunua kidogo nione. Nilipoona zile nyuzi nyeupe nilirudi nyuma.

"Unakimbia nini? Hii haina meno," alicheka. "Hii inasaidia mti kunywa maji."

Baadaye nilisoma kwamba kuvu wengine huozesha majani yakawa chakula cha udongo, na wengine hushikana na mizizi wakaisaidia kuvuta maji. Walioota chini ya majani niliyoutandazia mlimau walikuwa wa aina gani, sikujua. Nilichojua ni kwamba nikimwagilia, udongo ulibaki na unyevu hadi siku ya pili, na mlimau ulianza kuchipua.

Mama mwenye nyumba aliona mengine.

"Uwanja ikijaa majani, watu watasema wenyewe walihama. Na nge je? Wewe unalea mti ama unalea nge?"

"Mti, mama."

"Nge haijui hiyo."

Tulielewana baada ya chai mbili. Nimetandaza upya, kwa masharti yake: ukingoni nipange mawe, mpita njia ajue hii ni kazi ya mtu, si uvivu, na kila asubuhi yeye atafunua kwa fimbo kutafuta nge. Nilimwambia fimbo hiyo inazikata nyuzi kabla hazijashikana. Akasema ataenda polepole.

Hadi leo hajapata nge hata mmoja, jambo linalomfanya atafute kwa bidii zaidi. Upande wa dirisha langu mlimau una majani mapya saba. Upande wa pili unapukutika. Juzi alimleta fundi, wakapima kwa kamba kutoka ukutani hadi kwenye mawe. Nilimuuliza mama mwenye nyumba kama ameamua kujenga. Akasema anapima tu. Fundi aliacha vigingi vinne ardhini, na bado vipo.