Jina Chini ya Bakuli

Verna Petryshyn hakuzaliwa akipenda vitu vya zamani, na mtu yeyote pale mjini kwetu Yorkton akisema hivyo, Verna humkatiza hapo hapo. Mpaka anafika miaka hamsini na mbili, mtumba kwake ulikuwa nguo ya marehemu. Kilichombadili ni oveni. Siku mbili kabla ya Krismasi bakuli lake jipya la kioo lilipasukia humo, majani yote ya kabichi aliyoyafungia wali na nyama yakamwagika, naye akakimbilia duka la mitumba la kanisa kwa sababu lilikuwa jirani na hakuwa na muda wa kuringa. Akatoka na bakuli la samawati la miaka ya sitini, lina majogoo weupe ubavuni.

Bakuli lile liliivisha kabichi sawasawa mpaka pembeni. Verna akaanza kujiuliza ni upuuzi gani mwingine alioununua ukiwa mpya.

Januari ile alipata koti la sufu, zito kama mlango, akatembea nalo kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri bila kutetemeka. Likafuata birika la kahawa, redio ya mbao, kisha magauni ya maua ya rangi ya chungwa ambayo mumewe, Orest, alidai yanamuumiza macho.

"Verna, sasa nyumba imekuwa ya marehemu mama yangu hii."

"Basi shusha miguu mezani. Mama yako hakupenda ujinga huo."

Alijifunza kugonga kioo kwa ukucha na kusikiliza mlio wake, kugeuza nguo na kukagua mshono kabla hajatazama maua, na kunusa kwapa za gauni mbele za watu bila haya. Siku ya nusu bei alikuwa mlangoni kabla ya ufunguo. Mitumba ina wenyewe. Mimi nimeshapigwa kikumbo naye kwenye rafu ya vyombo, na chombo chenyewe sikukipata.

Jambo moja tu alikataa kufanya. Kwetu mwanamke akipeleka chakula msibani hubandika selotepu ya karatasi chini ya bakuli na kuandika jina lake, ili akina mama wa jikoni wajue pa kulirudisha. Chini ya lile la majogoo paliandikwa O. Dutchak. Olha Dutchak alikuwa ameshafariki, na Verna alimjua kwa sura tu, ila hakuibandua selotepu ile.

"Nilinunua bakuli," alisema. "Sikununua ruhusa ya kumfuta mtu."

Miaka tisa hapakutokea neno. Kisha mzee Bodnar akafa, Verna akapeleka kabichi msibani ndani ya bakuli hilo hilo. Mgongo ukamshika Orest, wakaondoka mapema, bakuli likabaki. Huko jikoni Stella, mkuu wa akina mama, akaosha, akageuza, akasoma, na kwa kuwa Marika binti Olha alikuwa mlangoni akivaa koti, akamkabidhi.

"Stella, umegawa bakuli langu!" Verna alifoka kwenye simu asubuhi.

"Lako tangu lini? Limeandikwa Dutchak. Umeolewa huko?"

"Nimelinunua!"

"Mwanamke mzima, jina lako linakushinda kuandika? Kalichukue mwenyewe. Na usiniletee mdomo, jana nimeosha vyombo sitini mie."

Verna alivaa koti lake akatoka. Kabatini alikuwa na mabakuli mengine arobaini, lakini hili ndilo la kwanza, na ndilo alilolipenda. Njia nzima alipanga maneno. Kurudi mikono mitupu hakukuwemo kwenye hesabu zake.

Marika alimfungulia. Alikuwa mwalimu wa miaka arobaini na kitu, macho mekundu. Bakuli lilikuwa peke yake juu ya meza.

"Karibu, mama. Mama yangu alikuazima, eti?"

"Hapana, mwanangu. Nililinunua duka la kanisa."

Marika aliinama. "Basi ni mimi niliyelipeleka. Wiki ya mazishi nilitia kila kitu kwenye maboksi, wala sikutazama." Akalisukuma kuelekea kwa Verna. "Chukua. Ni haki yako. Usifikiri nalilia bakuli."

"Unalilia nini, basi?"

"Sijawahi kula humu hata siku moja. Mama akilishika tu, ujue kuna mtu kafa. Nilikuwa mtoto, nasimama hapa nanusa kabichi, nikinyoosha mkono ananichapa kikofi: 'Acha, ya msiba hiyo!' Sisi wa nyumbani tulikula za sufuriani, zilizopasuka."

Maneno aliyoyapanga njiani Verna aliyaacha hapo hapo. Alivua koti bila kukaribishwa, akapandisha mikono ya gauni.

"Kabichi unayo?"

"Ipo moja. Kwani nani kafa?"

"Hajafa mtu. Leo Alhamisi, watu wana njaa. Washa oveni."

Walichemsha majani, wakayafungia wali na nyama, wakapanga bakulini. Verna alimkosoa kila alipofunga ovyo, na Marika akacheka mara mbili.

"Likishatoka utaondoka nalo?" Marika aliuliza akiwa ameipa oveni mgongo.

Moyo ulimuuma Verna, hakuna haja ya kuficha. "Linakaa hapa," alisema. "Ila msibani lisiende tena. Huko peleka sufuria."

Bakuli lilipotoka likifuka mvuke, Verna alimpa uma. Marika alichagua moja iliyofungwa vizuri kuliko zote, ya katikati, akanyoosha mkono, kisha mkono ukasita hewani, ukingoja kikofi.

"Kula," Verna alisema.

Akala.