Kiti Nyuma ya Mlango

Kilikuwa kiti cha plastiki cha bluu, mguu mmoja umepinda kidogo, na kwa miaka minne mume wangu peke yake ndiye aliyejua kazi yake. Nilikiweka chumbani nyuma ya mlango. Adhana ikilia nilifunga mlango kwa ufunguo, nikasali nimekaa kama ajuza wa miaka themanini. Nilikuwa na thelathini na miwili.

Maumivu yalinianza nikiwa na miaka kumi na mitano, bwenini. Asubuhi moja niliamka mwili wote unauma, kuanzia shingo hadi nyayo, na haujaacha mpaka leo. Nilipimwa damu, mifupa ikapigwa picha, kila kitu safi. Nyumbani walisema ni jicho, baadaye wakasema jini. Shangazi yangu alisema ni uvivu, na huyo ndiye aliyeniudhi zaidi, kwa sababu aliyasema hayo huku nikimfulia nguo. Daktari mmoja wa Nairobi ndiye aliyenipa jina la maumivu haya, fibromialjia, nikiwa nimeshaolewa. Niliandika jina hilo kwenye karatasi nikarudi nalo Garissa nikidhani litanisaidia. Nani angelielewa? Sina kidonda, sina homa, na kila siku ya shule nasimama darasani kufundisha hesabu.

Kusali kitini ni ruhusa ya mgonjwa, hilo kila mtu analijua. Lakini kwetu mgonjwa lazima aonekane mgonjwa. Mwanamke kijana, mwenye watoto wawili na mshahara, akae kitini mbele ya watu? Wangemhurumia mume wangu kabla ya kunihurumia mimi.

Basi likizo moja mama mkwe akaja kutoka Bura kukaa nasi mwezi mzima. Magoti yake yalikuwa yamechoka. Siku ya kwanza aliingia chumbani kutafuta mswala, akakiona kiti, akafurahi. "Mashallah, mmeniwekea kiti," alisema. Nilikibeba mwenyewe hadi sebuleni, nikamtandikia na kitambaa juu yake.

Kuanzia hapo nilisali kando yake, sala zote tano, nikisimama na kusujudu. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Kushuka nilikumudu. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Paji la uso likishagusa mswala, mapaja na mgongo viligoma, nikabaki pale nikingoja mwili ukubali. Siku nyingine nililia.

Siku ya nne nilimsikia akiongea kwa simu, kwa kelele, maana haamini kwamba simu inafikisha sauti hadi Bura bila msaada wake. "Mke wa mwanangu akisujudu hainuki. Analia kwenye sijda. Wallahi sijaona mcha Mungu kama huyu." Nilikuwa jikoni nikipika chai. Nilicheka, halafu nikafikiria hali yangu, nikaacha.

Wiki ya pili majirani walianza kuja. Mmoja alitaka nimwombee binti yake apate mchumba, mwingine nimwombee mumewe awapate ngamia wao waliopotea. Walikaa nyuma yangu wakinitazama. Nikisema ukweli, itaonekana nimewadanganya wote, tena kwenye jambo la Mungu. Nisiposema, nitaendelea kushuka pale chini mpaka siku nitakayoshindwa kabisa kuinuka. Mume wangu alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Ifo na biashara yake, na kwa simu aliniambia nivumilie, zimebaki wiki mbili tu. Nilimchukia mama mkwe, nasema kweli. Nilimchukia kila alipokaa kwenye kile kiti.

Siku chache kabla hajaondoka, adhuhuri, tulikuwa wawili tu nyumbani. Yeye alikuwa ameshamaliza sala yake, mimi niko kwenye sijda ya mwisho. Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu. Alishuka polepole, akapiga magoti kando yangu, akaweka paji lake chini aombe dua kama mimi.

Nilipofanikiwa kukaa na kutoa salamu, bado alikuwa chini.

"Hooyo?" nilimwita, yaani mama.

"Nimekwama," alisema.

Nilijaribu kumwinua, mikono ikakosa nguvu, nikaanguka ubavuni pake.

"Wewe huwa unainukaje?" aliniuliza, shavu likiwa kwenye mswala.

"Siinuki, hooyo. Na mimi hukwama. Naumwa tangu nikiwa msichana wa shule. Hicho kiti ni changu."

Aliinua kichwa kidogo akanitazama.

"Hata siku zile ulizokuwa ukilia?"

"Hata hizo."

"Usimwambie mtu," alisema. "Bura nzima nimeshaiambia."

Tulitambaa hadi kwenye kiti, tukakishika kila mtu upande wake, tukainuka.

Alasiri ilipoadhiniwa, majirani wawili walikuwa wameshafika sebuleni. Mama mkwe aliwaambia kwamba leo nitasali chumbani, nataka kuwa peke yangu na Mola wangu. Kisha alikibeba kiti mwenyewe, na magoti yake yale, akakirudisha chumbani mahali alipokikuta, nami nikamfuata. Akafunga mlango kwa ufunguo, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kaa," aliniambia.

Nikakaa. Sebuleni niliwasikia wakinisubiri.