Soli Iliyotoboka Mbele

Kiatu kikiletwa, fundi viatu hukigeuza kwanza aisome soli, maana umbea wa soli humnogea kuliko chai. Iliyolika kando, mwenyewe hubeba mzigo bega moja. Iliyolika mbele, huyo ana haraka zake.

“Na yako je, baba watoto?” mkewe akamuuliza siku moja.

Mganga hajigangi. Fundi akavua kiatu chake cha kulia, akakigeuza: kisigino kizima, mbele pametoboka.

“Haraka ya kwenda wapi, na mimi kutwa nimekaa?”

“Si unapigapiga mguu chini ukiimba,” mkewe akacheka. “Miaka yote hii hukujua?”

Fundi akabisha. Akakivaa tena, akashika nyundo, akafunga mdomo, akatega sikio. Mguu ulikuwa umeshaanza.