Maji Yaliyopanda Bila Upepo

"Hii maji imetoka wapi na hakuna upepo?"

Mama aliniuliza hivyo ufuoni Karungu, ziwa likiwa limemfika magotini na omena wake, dagaa wadogo aliokuwa akianika, wakielea kumzunguka. Nilikuwa na digrii ya fizikia, na kazi yangu ilikuwa kufundisha mawimbi katika shule moja ya sekondari karibu na Awendo. Nilitikisa maji kwenye trei, nikachora ubaoni, wanafunzi wakanakili, huku malori ya miwa yakipita nje na kutetemesha vioo. Muhula uliofuata nilichora mawimbi yale yale, mahali pale pale.

Nilitaka kwenda pwani. Kituo kimoja cha utafiti wa bahari kilikuwa kimenipa nafasi ya kujifunza kazi na kilisubiri jibu langu. Nilipomwambia mwalimu mkuu, alicheka.

"Madam, mwalimu wa fizikia hapatikani huku. Ukienda, hawa watoto nitawapa nani? Yule wa dini awaombee mtihani?"

Mama yeye hakucheka. "Bahari iko na nini yenye ziwa haina?" Kabla sijafungua mdomo akaongeza, "Umesoma, umemaliza. Sasa kaa."

Alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti yake amemaliza masomo, na watu wakasimama wakaimba. Ningeuondoaje ule wimbo? Nyumbani nilikuwa nikihoji kila kitu, kuanzia mahubiri hadi kwa nini ni mimi ninayempelekea kaka yangu maji ya kuoga wakati ana mikono yake. Lakini hilo neno, umemaliza, sikujua pa kulishika. Nilirudi Awendo, nikachukua chaki.

Likizo ilipofika nikaenda Karungu kumsaidia mama kuanika. Kwa kawaida wanawake hutandaza nyavu kuukuu juu kwenye mchanga mkavu, kisha humwaga omena hapo. Ziwa likiwa limelala, wao hushuka karibu na maji ili wasibebe mabeseni mbali. Asubuhi hiyo lilikuwa limelala kabisa. Hata moshi wa jikoni ulipanda wima. Tukashuka.

Halafu maji yakaanza kupanda. Hapakuwa na wimbi wala kishindo. Yalijaa tu, polepole, kama beseni chini ya mfereji, yakafunika nyavu zetu. Watu walipoanza kupiga kelele na kuvuta, yalikuwa yameanza kurudi, na sehemu kubwa ya omena ikielea kuyafuata.

Mnunuzi mmoja Mkuria, aliyekuwa amekuja na magunia yake, akapaza sauti: "Mama mwalimu, si uko na mtu wa mawimbi hapo? Mwambie aiambie hiyo maji irudishe!"

Wakacheka, hata waliopoteza. Ndipo mama akaniuliza swali lake. Nilijaribu kichwani: mvuto wa mwezi? Haukutosha, kwa ziwa kama letu. Boti kubwa? Hapakuwa na boti. Ningeweza kutunga kitu, na wangeniamini, maana mimi ndiye niliyesoma.

"Sijui, mama."

"Hujui, ama hutaki kuniambia?"

"Sijui kabisa."

Alinitazama kana kwamba nimerudishwa nyumbani na shule.

"Kumbe hujamaliza," alisema.

Maji yalipokwisha kushuka, akainama kuokota waliobaki matopeni. Niliokota kando yake, mikono ikinuka, nikiwa na hakika kwamba sasa nimeharibu hata kile kidogo nilichokuwa nacho. Tulipofika kwenye mchanga mkavu, akauliza bila kunigeukia, "Hao watu wa pwani bado wanangoja?"

Niliondoka kabla shule hazijafunguliwa.

Jibu la swali lake nililipata miaka kadhaa baadaye. Upepo ukisukuma maji ya ziwa upande mmoja kisha ukaacha, ziwa zima huyumba, upande hadi upande, kwa saa nyingi baada ya upepo kufa. Upepo uliochukua omena wa mama huenda ulivuma ng'ambo nyingine, sisi tukiwa bado tumelala.